Aksanti ya Koti la Kyungu

Kila jioni Tatiana alisonga bukari, yaani ugali, na kila jioni mume wake, Kalumba, aliigusa tu kwa kidole. Usiku hakulala. Pikipiki yao ilikaa uani chini ya plastiki, na vumbi la malori ya shaba liliifunika.

Zamani pikipiki hiyo haikupumzika. Kalumba na rafiki yake Kyungu waliitumia kuleta unga wa muhogo kutoka Kasaji hadi sokoni Kolwezi. Katika safari ya mwisho Kalumba alichoka. Kyungu akashika usukani, Kalumba akakaa nyuma. Njiani waliteleza kwenye mchanga, wakaanguka. Kalumba alichubuka mikono. Kyungu alikufa palepale.

Tangu siku hiyo mtaa mzima ulikuwa na neno moja: "Shukuru Mungu, tata! Uko muzima!" Kalumba aliitikia, kisha akazidi kukonda. Tatiana hakuelewa kitu. Mtu amepona, mbona anaishi kama aliyezikwa? Mwishowe akafikiri: labda Mungu anangoja shukrani zake. Basi wafanye action de grâce, yaani familia icheze hadi mbele ya kanisa na kutoa zawadi. Akatafuta kitambaa, akashona nguo za sare, yake na ya mume.

Jumapili ikafika. Kwaya iliimba, ngoma zikalia. Tatiana alitangulia na beseni la unga kichwani, akicheza vizuri kweli, maana kwa kucheza hana mpinzani pale. Kalumba alimfuata. Mara akamwona Shekina, mjane wa Kyungu, ameketi mstari wa mbele katika nguo nyeusi. Kalumba akageuka, akatoka nje. Tatiana hakujua. Alicheza mpaka mbele kabisa, akageuka kumtazama mumewe, asione mtu. Kwa aibu aliliacha beseni palepale, akatoka kumtafuta.

Alimkuta nyumbani, amekaa chini karibu na pikipiki. Mama Micheline, jirani yao anayefanya kazi ya afya mtaani, alikuwa amemfuata Kalumba kutoka kanisani.

"Umenipatisha haya mbele ya batu bote!" Tatiana alisema. "Juu ya nini?"

"Hata mi mwenyewe sijue," Kalumba alijibu. "Banasema nishukuru. Kyungu alikufa pa nafasi yangu! Nikicheza, si ni kama mi nafurahia kifo yake? Nikikatala, banasema niko mutu mubaya. Kichwa yangu imechanganyikiwa."

Tatiana aliketi chini karibu naye. Jambo hilo hakuwahi kulifikiria hata kidogo.

"Tata Kalumba," alisema Micheline, "nani alikuambia kushukuru ni kusahau huzuni? Lia Kyungu. Kushukuru ni kitu ingine. Unaangalia kitu moja ya kweli, hata kidogo, yenye mutu alikutendea muzuri, na unamwambia. Inasaidia roho ipumue. Lakini haifukuze machozi, na mutu asikulazimishe."

"Kitu gani? Mi sioni kitu."

"Usitafute kitu kubwa. Siku ile ya safari, hakuna hata moja?"

Kalumba aligeuka kuitazama pikipiki.

"Koti," alisema. "Kulikuwa baridi. Kyungu alinivalisha koti yake. Sikumwambia hata aksanti. Iko mu nyumba, mi naogopa kuiangalia."

"Ile aksanti, sasa unaweza kumwambia nani?"

Kalumba alijua jibu, na jibu lilimtisha.

"Na usingizi ikiendelea kukosa, ao ukianza kuwaza kufa," Micheline aliongeza, "uniite, tunaenda ku centre de santé kuona dokta siku ileile. Ile ni ugonjwa, haiko kitu ya haya."

Kesho yake Kalumba na Tatiana walikwenda kwa Shekina. Kalumba alishika koti kwa mikono miwili.

"Mama Shekina, hii ni ya bwana yako. Alinipatia juu nilikuwa nasikia baridi. Sikusema aksanti. Nimekuletea wewe."

Alitarajia kufukuzwa. Shekina alilikumbatia koti.

"Batu bote banasema pole, kisha banakimbia," alisema. "Hakuna mwenye ananiambia Kyungu alikuwa namna gani siku ile. Alikuwa anaimba?"

"Njia yote. Aliimba mubaya sana!"

Shekina akacheka, kisha akalia. Kalumba akalia naye.

Kalumba hakupona siku hiyo. Alikwenda pia kituo cha afya pamoja na Micheline, kwa sababu ya usingizi, na akasaidiwa. Nyumbani, kila jioni kabla ya kula, yeye na mkewe husema kitu kimoja wanachoshukuru, na nani alikifanya. Kuna siku Kalumba husema, "Leo sina." Basi, wanakula tu. Plastiki imetolewa juu ya pikipiki, na asubuhi anaenda sokoni.

Jioni moja ilikuwa zamu ya Tatiana.

"Bwana yangu, mi nakushukuru juu siku ile ulitoka mu kanisa, ukaniacha nacheza peke yangu. Kama hungetoka, singejua yenye iko mu roho yako."

Kalumba alicheka kidogo. Kisha akavuta sahani ya bukari karibu, akamega tonge kubwa.