Majina Kwenye Daftari la Dina

Ndugu zangu wa Misigiri, nanyi mlioko mbali, hili nalisema waziwazi. Atakayechukia na achukie.

Asubuhi ile ya Jumatatu palikuwa na utulivu nyumbani kwa mzee Marko. Yeye na binti yake Dina walikuwa uani wakipura alizeti kwa fimbo, wakitaniana. Dina alikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea sosholojia, yaani elimu ya jamii. Alikuwa amerudi kijijini kufanya utafiti wake wa mwisho kuhusu wanawake wanaopigwa na waume zao. Alitakiwa kuwahoji ishirini, na tayari alikuwa amewahoji tisa.

Mhadhiri wake alikuwa amemwonya: "Andika namba, usiandike jina." Lakini Dina aliona hapa ni nyumbani, nani atamdhuru nani? Akaandika majina yote, na daftari akaliacha mezani.

Wa tisa alikuwa Raheli, jirani yao, mke wa Fredrick. Alimwonyesha Dina mgongo wake, kisha akanong'ona, "Jumatano, watu wakiwa gulioni, naondoka na mwanangu kwenda kwa kaka yangu Manyoni. Hili ni letu wawili, mdogo wangu."

"Ni letu wawili, dada." Lakini hilo nalo Dina aliliandika daftarini.

Mchana Dina alikwenda kuchota maji. Mzee Marko naye alikwenda kwenye mashine ya kukamua alizeti, ambako wanaume walikaa juu ya magunia wakisubiri zamu.

"Mzee Marko," Amosi, mmoja wao, alimchokoza, "hivi binti yako anasomea nini hasa?"

"Sosholojia."

"Hiyo inatibu tumbo au kichwa?"

Watu wakaangua kicheko. "Akimaliza atafungua duka la maneno!" mwingine akadakia.

Majivuno yakampanda mzee. Alikwenda nyumbani mbio, akarudi na daftari. "Ninyi mnacheka? Sikilizeni kazi ya chuo kikuu!" Akasoma kama asomavyo kanisani, kidole kikifuata mstari. Jamani, mzee yule alisoma ili asikike, hakusoma ili aelewe! Alilitaja jina la Raheli, akataja mgongo, akataja Jumatano na Manyoni.

"Mzee, nyamaza!" Amosi alipiga kelele.

Alichelewa. Fredrick alikuwa pale pale. Aliinuka, akaliacha gunia lake, akaondoka.

Njiani alikutana na Dina, ndoo kichwani.

"Shikamoo, kaka Fredrick."

Hakuitikia. "Kumbe safari ya Manyoni ni Jumatano?" alisema, akapita.

Dina alitupa ndoo, akamkimbilia. Alipofika nyumbani kwa Raheli, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na Raheli alikuwa akilia kwa sauti ambayo Dina hajaisahau mpaka leo. Aligonga kwa ngumi mpaka zikachubuka. "Kosa ni langu! Nipige mimi, kaka! Nipige mimi!"

Wanaume wa mashineni walifika wakavunja mlango. Raheli alikuwa hai, lakini mkono ulikuwa umevunjika na jicho la kushoto limeharibika kabisa. Polisi walimchukua Fredrick. Je, jicho lilirudi?

Siku ya tatu Dina alikwenda hospitalini. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Fredrick namjua miaka minane," Raheli alisema, akigeukia ukutani. "Wewe ndiye sikukujua."

Dina alizunguka kijiji kizima akimtafuta mwanamke wa kumi. Kila mlango alikaribishwa, akapewa kigoda, na kila mwanamke akasema hana la kusema. Mmoja alikuwa na uvimbe shavuni.

Jioni mzee Marko alimkuta binti yake amekaa uani, hali wala hanywi.

"Mwanangu, nilitaka tu watu wakujue."

"Wamenijua, baba."

FUNZO

Wewe msomi, mtu akikupa siri yake amekupa uhai wake. Usiiache mezani, hata mezani kwenu. Wewe mzazi, usitembeze elimu ya mtoto wako kijiweni ili kuwanyamazisha wenye dhihaka. Nanyi mliocheka mashineni, mlisikia vilio vya Raheli miaka minane mkasubiri zamu zenu. Msimlaumu Dina peke yake. Leo jirani yenu mwingine anapigwa, na hana tena wa kumwambia.