Godoro la Mgeni

Mtaani walimwita Mama Sawasawa, naye hakukasirika. Alikuwa fundi cherehani, na utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda kusukwa nywele. Mungu alimjalia pacha, wa kike na wa kiume, na tangu siku ile aliapa kwamba kwake hakuna mtoto atakayepunjwa. Akikata mkate, anapima. Akimbusu huyu mara mbili, na yule mara mbili. Mumewe alikuwa mchomelea vyuma, mtu mwenye utani mwingi kuliko cheche zake, na alizoea kumwambia, "Wewe, siku hawa wakioa na kuolewa utakwenda kuwapima wakwe, asitokee mmoja kazidi tumbo."

Wa kike alisema tangu anaamka mpaka analala, wakampachika jina la Kasuku. Wa kiume alijibu kwa kichwa tu, wakamwita Kimya. Walipofika miaka saba, mama yao aliona si vyema tena kulala chumba kimoja. Likizo ndefu ilipoanza akawapima sare za muhula ujao, akaandika, akakata kitambaa. Kisha akaigeuza nyumba juu chini.

Stoo iliyojaa vyuma vya baba ikaondolewa takataka, ikawa chumba. Huku rangi ya kijani cha majani machanga, na kule kijani kilekile cha kopo lilelile, pasiwe na neno. Mapazia akayashona mwenyewe. Na ule uwanja wa nyuma, ambao ulikuwa magugu na makopo ya kutu, akamwita Bi Jembe autengeneze, kila mtoto apate tuta lake la kumwagilia.

Bi Jembe alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, aliyetengeneza bustani za watu mtaa mzima. Alilima matuta mawili, akapanda nyanya na maua. Miche ikabaki.

"Lima na tuta la tatu," Mama Sawasawa akasema.

"La nani?"

"La nani, la nani! Miche imebaki. Kitu hakitupwi."

"Nipe nikampe jirani. Mimi tuta la nyumbani silimi bila mwenyewe, mama. Najua ninalosema."

"Haya basi, la mgeni. Umeridhika?" Akacheka.

Bi Jembe hakucheka. Alilima kwa kuwa ndiyo kazi yake, lakini miche ile hakuishika kwa mkono. Aliisukumiza udongoni kwa ncha ya kijiti, akanawa mara tatu, akaenda zake.

Wiki ileile ikaja zamu ya magodoro. Walikuwa na godoro moja pana la sponji, wakalikata kwa kisu cha mkate yakatoka mawili ya watoto, yaliyolingana kama mboni za macho. Kikabaki kipande, kirefu kama mkono wa mtu mzima. Mwingine angesugulia masufuria. Mama Sawasawa hakuwahi kutupa hata uzi. Alikuwa na baki ya kitambaa cha foronya, akakishonea kipande kile kava. Baki ya baki akaishona mto mdogo. Akavilaza chini ya dirisha, katika kijia kilichopita kati ya vyumba viwili vya watoto, akarudi nyuma kidogo kuvitazama. Vilipendeza.

"Hapo pa nani, mama?" Kasuku akauliza.

"Pa mgeni."

Mama mkwe wake alikuwa kitini, anapeta mchele. Mikono ikasimama.

"Mwanangu, mahali pa kulala hapatandikwi bila mwenye kulala. Kiti, sawa, kiti ni cha yeyote. Lakini kitanda na mto juu yake?"

"Mama nawe! Si sponji tu?"

"Umemlimia. Umemtandikia. Na umemtaja mara mbili."

Yule mchomelea vyuma alikuwa anapita na nyundo. "Akija mwambieni aje karakana," akasema, "anishikie mabomba." Wote wakacheka isipokuwa bibi, aliyeurudia mchele wake na kuupeta upya, ingawa ulikwisha kuwa safi.

Siku zikaenda. Jambo la kwanza lilikuwa maji. Kila asubuhi tuta la tatu lilikuwa limelowa mpaka linameremeta, na nyanya zake zilifika magotini wakati za watoto zilikuwa zinanyauka. Mama Sawasawa akachukia. Dhuluma aliijua hata ikifanyiwa mmea.

"Mbona mnamwagilia moja na kuacha mengine?"

"Hatulimwagilii sisi," Kasuku akasema. "Anamwagilia mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Kasuku alifumba mdomo. Ndipo Kimya, ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kijiko, akajibu taratibu:

"Yule anayelala pale katikati."

Ilipobaki wiki moja shule kufunguliwa, sare zikawa tayari. Aliwaita wavae. Kasuku akavaa shati, mikono ikamfunika vidole. Sketi ikashuka chini ya magoti. Mama akajilaumu, akadhani amekata vibaya. Akamvika Kimya. Suruali ikajikunja juu ya miguu kama soksi zilizolegea.

Alikuwa fundi wa miaka kumi na sita. Hakuwa amewahi kukosea nguo mbili kwa siku moja.

Akafungua daftari. Kasuku: inchi arobaini na saba. Kimya: arobaini na nane. Akawasimamisha ukutani, akawapima toka utosini hadi kisiginoni. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Akapima tena. Akawavua viatu, akawavalisha, akawavua. Kila mmoja alikuwa amepungua inchi mbili kamili. Hakuna aliyepunjwa.

Alitoka kwenda kuvuta hewa, akapita kijiani. Godoro dogo lilikuwa chini ya dirisha, shuka lake limenyooka, ila katikati palibonyea kidogo, kama mahali alipolala kitoto cha paka. Nyumba ile haikuwa na paka. Akachuchumaa. Mkono wa fundi hufanya kazi hata mwenyewe akiwa hataki. Akaweka utepe.

Inchi nne.

Akagusa lile bonyeo. Lilikuwa na joto.

Kesho yake watoto walipungua nusu inchi kila mmoja. Bonyeo likafika tano. Kasuku akaanza kulala mchana, na alipoamka aliomba maji tu. Kimya akashindwa kufikia kitasa cha mlango alichokifikia tangu mwaka uliopita. Alisimama pale ameinua mkono, anakitazama, bila kulia.

Mume hakuamini. "Utepe wako umevutika, mke wangu. Wa kitambaa ule, huvutika." Akaenda karakana, akaleta rula yake ya chuma. Akapima watoto. Akapima godoro. Alilinyakua godoro lile, akatoka nalo uani kweupe, jua la saa nane likiwaka, akachomoa kisu akalichoma ubavuni.

Ndani ya nyumba watoto wakapiga yowe. Sauti moja, kutoka vyumba viwili.

Mama aliwakimbilia akawafunua. Ubavuni kwa Kasuku palikuwa na mstari mwekundu, urefu wa kidole. Ubavuni kwa Kimya, mstari uleule. Damu hakuna. Ngozi haikupasuka.

Baba akadondosha kisu. Akalibeba godoro kwa mikono miwili, kama abebavyo mtu mtoto aliyesinzia, akalirudisha chini ya dirisha. Tangu siku ile hakutania tena mpaka anazikwa.

Bibi akamvuta mkwewe jikoni, akafunga mlango.

"Asiyealikwa hufukuzwa," akanong'ona. "Huyu alialikwa."

"Anataka nini, mama?"

"Kwani nyumba hii mtoto huwa anapewa nini? Haki yake. Amekuja mikono mitupu, ndugu zake wana miili. Atachukua kwao mpaka walingane."

Mama Sawasawa hakuhitaji daftari. Arobaini na saba, arobaini na nane, gawanya kwa watatu. Inchi thelathini na mbili kasoro kidogo. Kimo cha mtoto anayejifunza kutembea.

"Na wakishalingana?"

Bibi akainamisha kichwa. Alikuwa anatazama chini ya mlango wa jikoni, kwenye mwanya wa mwanga. Mwanga ulikatika kidogo, mahali pamoja, kama vile kitu kifupi kimesimama upande wa pili kinasikiliza. Kisha ukarudi.

Siku ya tatu kupungua kukashika mbio, na Kasuku hakuamka. Alipumua, lakini hakuamka, na miguu yake haikufika hata nusu ya godoro lake jipya. Kimya alimshika mama yake ncha ya nguo. "Mama," akanong'ona, "mimi nitaisha lini?"

Basi mama akafanya la mama. Alimwambia mumewe na bibi wakae na watoto, wasitoke wasikie chochote. Akavua viatu. Akajilaza kwenye sakafu ya kile kijia, ubavu kwa ubavu na godoro dogo, mwanamke mrefu, inchi sitini na sita, kichwa kikafika kizingiti cha chumba kimoja, miguu kizingiti cha kingine.

"Mwanangu," akaita. Neno lenyewe lilimchubua ulimi. "Hawa ni wadogo. Hawana cha kugawa. Mimi ndiye niliyekuita, na mimi ni mrefu. Warudishie chao. Chukua kwangu."

Inzi mmoja aligonga kioo cha dirisha. Akatulia.

Mto mdogo ukadidimia upande mmoja, kama kichwa kinapogeuka kumtazama mtu. Pumzi baridi ikamgusa sikio. Sauti ilikuwa ya Kasuku, na ilikuwa ya Kimya, zote mbili ndani ya koo moja.

"Sawasawa?"

Alijua kwamba akijibu hakuna kurudi. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona unyayo wa binti yake kitandani, umekuwa mdogo kama wa mtoto wa jana.

"Sawasawa," akasema.

Kitu baridi, kidogo, chenye vidole, kikaushika utepe shingoni mwake. Kikauvuta. Taratibu. Mpaka kisiginoni.

Jioni hiyo Kasuku aliamka akaomba uji na kulalamika kuwa Kimya amewekewa mwingi. Shule ilipofunguliwa sare ziliwaenea kama zilivyokatwa. Majirani waliona watoto wanapendeza, wakasema kweli chumba kipya ni dawa. Bustani ikastawi. Bi Jembe peke yake alikuwa akifika kwenye uzio ule anavuka barabara, anapita upande wa pili.

Mama yao alianza kwa kupunguza pindo la gauni moja. Mwaka uliofuata akapunguza yote. Halafu akaweka tofali chini ya mguu ili afikie kanyagio la cherehani, halafu matofali mawili. Daktari alimpiga picha ya mifupa akasema ni mizima, hakuona kasoro. Wateja walisema uzee una njia zake. Alicheka nao. Na kila mwaka, kimya kimya, aliongeza kipande cha sponji kwenye godoro la pale kijiani, akashona kava upya, kwa sababu miguu ilikuwa inatokeza nje. Watoto walikua, wakawa warefu, wakaondoka. Hakuwaambia lolote. Bibi alikwisha kufa, na mumewe baadaye. Akabaki nyumbani peke yake, kama wanavyosema watu.

Alipofariki pacha wakaja. Fundi seremala alipopewa vipimo vya jeneza aliwatazama kwa huruma, akauliza mtoto alikuwa na miaka mingapi. Kimya akamwambia miaka sitini na mitatu. Fundi akapima tena mbao zake bila kuinua uso.

Wakamzika saa nne asubuhi. Watu walipotawanyika, pacha wakarudi nyumbani kuanza kupanga vitu vya marehemu. Kule kijiani wakakuta godoro refu kuliko walivyolikumbuka, limetandikwa vizuri. Lilikuwa wazi, limenyooka, halina bonyeo hata moja. Ya likizo ile walikuwa nayo kama ndoto tu, na hawakujua la kufikiri juu yake. Walikuwa wamechoka kwa kilio, wakasema wajilaze kidogo, kila mmoja kwenye chumba chake cha utotoni, milango wazi ili wazungumze. Usingizi ukawachukua katikati ya neno.

Kasuku aliamka kwa muwasho mguuni. Jua bado lilikuwa kali. Akapandisha gauni atazame. Kwenye muundi, inchi mbili juu ya kifundo, palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, umezunguka mguu wote. Akalamba kidole akaufuta. Haukufutika.

"Kimya," akaita. Sauti ilimtoka kama mnong'ono. "Hebu tazama mguu wako."

Akasikia suruali inapandishwa. Kisha akamsikia kaka yake, mtu mzima, baba wa watoto, anaanza kulia polepole.

Ilikuwa chaki ya fundi cherehani, ile ambayo huonyesha mahali pa kukata.