Maswali ya Esteri Mlangoni

Esteri na mumewe Kipriani ni wakulima wa maharage katika kijiji cha Titye. Kila siku ya gulio Esteri alibeba gunia kichwani mpaka barabarani. Baada ya miaka mingi, kichwa na shingo vikaanza kumuuma.

Kipriani akasikia habari za Stanislaus, mkandaji mgeni aliyepanga chumba karibu na gulio. Kipaza sauti kilimsifu kutwa nzima. Anashika kichwa, anapanga mifupa, unapona leo leo!

"Twende kwanza zahanati," Esteri alisema.

"Zahanati watakupa panadol tu. Huyu ni bingwa."

Stanislaus hakuuliza chochote. Alimkalisha Esteri kwenye kigoda, akamshika kichwa kwa nguvu.

"Baba, unaniumiza! Acha!"

"Vumilia, mama. Dawa inaingia."

"Vumilia," Kipriani naye akasema.

Stanislaus akazungusha kichwa ghafla. Shingo ikalia ko!

Asubuhi iliyofuata kikombe kilimdondoka Esteri. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu. Kipriani alikimbia gulioni. Chumba kilikuwa kitupu.

Hospitalini Kasulu walimpiga picha. Daktari akasema mshipa wa fahamu umeumia. Alimtibu, kisha baada ya wiki sita akamwelekeza kwa Faudhia, mtaalamu wa tiba ya viungo.

Esteri alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Samahani, dada. Kazi hii ulijifunza wapi?"

"Chuoni, miaka mitatu. Cheti kile pale ukutani. Nimeifanya miaka kumi na miwili."

"Umewahi kutibu shingo kama yangu?"

"Nyingi. Lakini kwanza nisome alichoandika daktari. Na wewe unieleze ilivyoanza."

"Nikisema inauma?"

"Naacha hapo hapo."

"Nitapona?"

"Maumivu yatapungua. Ganzi ya vidole siwezi kukuahidi itaisha. Mtu akikuahidi kila kitu, mama, ondoka."

Nyuma yake, Kipriani aliinamisha kichwa. Maswali manne tu. Kwa Stanislaus yangechukua dakika moja.

Esteri akalala kitandani. Faudhia aliweka mikono chini ya kichwa chake, polepole, bila kukandamiza.

"Hapo unajisikiaje?"

Esteri akaanza kulia. Siku ile ya Stanislaus hakuna aliyemuuliza.

Miezi minne imepita. Maumivu ya kichwa yamepungua, na usiku anapata usingizi. Magunia sasa yanakwenda kwa baiskeli. Lakini vidole viwili bado vimekufa ganzi. Hawezi kushika kisu.

Jana jirani yao Hatungimana alikuja. Amesikia kuna mkandaji katika kijiji cha Kumsenga, anataka kumpeleka mama yake anayeumwa mgongo.

"Mpeleke hospitali kwanza," Esteri alisema. "Wakikuelekeza kwa mtu, muulize kabla hajamgusa." Akamtajia maswali yote, moja moja, mpaka Hatungimana akayashika. Leo asubuhi yeye na mama yake wameondoka kwenda hospitali Kasulu.

Jikoni, Kipriani anamenya muhogo. Anamenya vibaya, nyama nyingi inatoka na maganda. Hakuna aliyemtuma. Hakuna anayemshukuru.