Aliyejibu Nyuma ya Ukumbi

Sauti ile ilijibu kabla swali halijakwisha, na mratibu hakuinua macho.

Ilikuwa asubuhi ya kung'oa nanga. Ukumbi mkubwa wa meli ulikuwa umejaa wanafunzi wenye mvi: wajane, wastaafu, watu waliokwisha lea na kuzika na kujenga, ambao sasa walikuwa wamejiandikisha kusoma baharini muhula mzima. Walimu walishughulika na masomo. Yeye, mratibu wa maisha ya jamii, alishughulika na yote yaliyosalia: nani alale karibu na nani, kwaya, mazoezi ya viungo, kesi za wanaokoroma, machozi ya waliokumbuka kwao. Dawa yake ya upweke ilikuwa moja, na aliiamini kama wengine waiaminivyo hirizi. Kila mwanzo wa safari aliwagawa wanafunzi katika kaya. Kila kaya ikawa na meza yake na mizaha yake, na watu wasiojuana jana wakaitana kaka, shangazi, mkwe. Kisha alisimama jukwaani akatangaza, kwa kinywa kipana, kwamba tangu siku ile wote waliomo melini ni ndugu zake wa damu.

Alitangaza hivyo mkono wake ukiwa begani mwa dada yake. Dada huyo, mshonaji, alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba yake tangu amzike mumewe. Mratibu ndiye aliyemfungia sanduku, akamvalisha viatu kama mtoto, akamwambia kwamba akiachwa mle ndani ataoza angali hai. Humo melini hakuna alichokitaka kuliko kumwona dada akicheka tena.

"Nani bado hana…" aliuliza, ameinamia waya wa kipaza sauti uliojisokota.

"Mimi," sauti ilisema kutoka nyuma. Haikuwa ya mume wala ya mke, wala haikuwa ya juu.

"Basi njoo kaya yangu. Wewe ni wetu."

Alipoinuka, kule nyuma hapakuwa na mtu, ila mlango uliokuwa ukijifunga taratibu. Na ingawa mwambao ulikuwa umekwisha zama machoni, ilipita puani mwake harufu ya udongo mbichi, kama ya shimo lililochimbwa sasa hivi.

Mezani kwake walikaa dada, asiyeinua kichwa. Fundi Randa, seremala mstaafu aliyekuja kusoma historia kwa kuwa, alivyosema, amechoka kuzungumza na mbao zisizomjibu. Karani, mzee wa maofisini aliyemwita mratibu "mama" kwa utani, ingawa angeweza kumzaa. Na mzee mmoja wa maneno machache waliyembandika jina la Nyota, maana hakukosa darasa la falaki. Kazi yake ya zamani ilikuwa uganga wa kuwatoa watu majini na mashetani. Alipochokozwa kuhusu habari hizo alijibu kuwa amestaafu kama askari astaafuvyo, na bunduki hakuja nayo.

Mambo yalianza kwa udogo. Sahani iliyowekwa mahali pasipo mtu ilikutwa imelambwa ikang'aa. Fundi Randa alitangaza kuwa kaya yao imepata mzimu mpenda supu, na kwamba mzimu mwenye adabu ya kumaliza chakula ni bora kuliko wakwe zake wote. Watu walicheka. Nyota hakucheka. Aliomba ahamishiwe meza nyingine. Mratibu, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wasihame, alimbembeleza hadi akakubali kubaki, naye akaitika kwa kichwa kama mtu aliyetia saini asichokisoma.

Mtu wa kwanza kudhurika alikuwa Randa. Siku hiyo mezani alikuwa amekaa kiti cha kuliani kwa mratibu. Baada ya mlo alikwenda maktaba, na alipoweka mkono kwenye fremu ya mlango wa chuma apishe wengine, mlango ulijifunga. Bahari ilikuwa shwari kama kioo. Ulijifunga, ukafunguka, ukajifunga tena palepale, kwa makusudi, kama mtu apigaye msumari ambao haujazama. Na vidole vilivyochonga vitanda vya maharusi maisha yake yote vikabaki vikining'inia kwa ngozi. Mratibu alimshika kichwa wakati daktari akikata visivyounganika. Fundi alipozinduka, alimvuta mratibu sikio karibu.

"Kuna kitu kilininong'oneza," alisema. "Kiliniambia, hicho ni kiti changu."

Mratibu alimwambia ni maumivu yanayosema. Lakini alipotoka ujiani alinusa ule udongo.

Kisha zamu ya Karani. Alikutwa adhuhuri, chumba cha kufulia, ndani ya pipa la mashine kubwa. Mashine haikuwa imewashwa. Ilikuwa baridi na kavu. Alikuwa amekunjwa. Magoti yamerudishwa nyuma, mikono imelazwa juu yake, kichwa kimegeuzwa kikalala mgongoni, kila mkunjo umenyooshwa kwa ustadi, kama shuka katika nyumba ya watu nadhifu. Damu haikumwagika hata tone. Ilikuwa imekusanyika usoni, ukawa mweusi. Udongo ulimjaa kinywa hadi mashavu yakavimba, kinywa kile kilichozoea kumwita mratibu mama.

Nahodha alifunga milango ya sitaha, akawahoji mabaharia mmoja mmoja akimtafuta mwuaji mwenye miguu miwili. Bandari iliyo karibu zaidi ilikuwa mbali bado. Kaya zikavunjika zenyewe: watu walijifungia vyumbani, na mratibu akawa anapita milangoni na mikate na chupa za chai, akiongea na mbao, na mbao hazikumjibu.

Katika msiba huo wote, jambo moja tu lilimpa faraja, naye aliona haya kulifurahia. Dada yake alikuwa ameanza kula. Alikula akaomba tena. Akachana nywele. Akamwuliza mratibu habari za kazi, akamshika mashavu, akasema kwamba sasa wamebaki wao wawili, na kwamba hivyo ndivyo inavyofaa. Mratibu alimlalia kifuani, akalia kwa shukrani; na ni humo kifuani, katikati ya kitambaa na ngozi, ndimo alimokutana na ile harufu, nzito, ya baridi, ya shimo.

Hakutikisika. Alijivuta taratibu, kama ajivutaye mtu mbele ya nyoka, akaaga kwamba anakwenda kuleta maji, akasimama nje ya mlango ameshika kitasa. Na humo ndani akamsikia dada yake akilia kwa sauti yake halisi, akiomba aachwe, akisema anaumia mbavu, na sauti nyingine, isiyo ya mume wala ya mke, ikimtuliza kwa upole ule ambao mchinjaji humtulizia mnyama, ikimwambia anyamaze, asogee kidogo, nyumba ni yao wote, kwani mwenye nyumba mwenyewe alikwisha kukaribisha mbele ya watu, na mkaribishwa hafukuzwi. Mratibu alisukuma mlango. Dada alikuwa ameketi kitandani, amekunja mikono, anatabasamu, na chini ya gauni lake mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka kama vidole vya mtu apangaye mahali pa kukaa.

"Ulisema mimi ni wenu," kilisema kinywa cha dada. Kisha kikamrukia, kikamuuma bega hadi meno yakagota mfupa.

Alijinasua kwa kuiacha nyama yake mle kinywani. Akafunga mlango kwa nje, akaenda kwa Nyota huku damu ikimchirizika hadi kiganjani.

Mzee hakuuliza. Alimfunga bega kwa foronya, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze akazungumza kwa urefu. Alisema majini wengi huingia kama wezi, na mwizi hutolewa kwa kelele. Huyu hakuiba. Hakuwa na kabila wala ukoo. Amezunguka juu ya migongo ya maji tangu dahari akitafuta mtu wa kumwambia neno lile, na mratibu alimpa bila kumtazama usoni. Sasa ni ndugu, tena ndugu mwenye wivu, na atawaondoa ndugu wengine wote abaki yeye.

"Mganga hawezi kumtoa ndugu wa mtu," alisema. "Aliyefunga ndiye afungue. Undugu uliutangaza ukumbini. Ukaukane ukumbini, wote wakisikia. Useme huna ndugu katika meli hii. Usimbakize mtu."

"Na dada yangu?"

"Naye umkane. Kimejificha ndani yake. Ukimbakiza yeye, umekibakiza."

"Atapona?"

Nyota alitazama foronya iliyokuwa ikilowa. "Mwanangu, sitakudanganya. Wapo niliowaona wakibaki hai. Yupo niliyemwona akitoka nacho."

Wanafunzi wakakusanywa ukumbini, wakaja wakishikana kama vipofu. Mabaharia walimleta dada amefungwa kamba za meli kwenye kiti, na kiti kile kilikaziwa sakafuni kwa parafujo, kama viti vyote ukumbini humo. Jua la adhuhuri lilipenya madirishani likawaka juu ya nyuso zao, mchana mweupe usio na pembe ya kujificha. Fundi Randa alisimama mbele na mkono wake uliofungwa bandeji. Mratibu alipopita, fundi alimnong'oneza kwamba, mimi nikane bila wasiwasi, hata mke wangu amewahi. Ulikuwa mzaha wake wa mwisho.

Nyota alianza kusoma aliyoyajua, taratibu. Alipofika katikati, kamba zilikatika.

Hazikulegea, zilikatika zote kwa pigo moja, na vipande vyake vikawacharaza waliokuwa karibu, baharia mmoja akashika jicho lake na mkono ukashuka na damu tupu, na viti vikaanza kung'oka, kimoja baada ya kingine, na parafujo zake zikiruka kama risasi, vikapaa juu ya vichwa vya wazee waliolala kifudifudi wakiita majina ya watoto wao, na kimoja kikamkuta Fundi Randa kifuani kikambandika ukutani, akabaki hapo wima, macho wazi, kama picha iliyotundikwa na fundi asiyejua kazi, na Nyota hakunyamaza, akazidi kupaza sauti huku akimkodolea mratibu, hata kiti kingine kilipokuja kwa ubapa kikamvunja koo, naye akaanguka, na maneno yake yakawa povu jekundu, na mkono wake ukawa unapiga sakafu, unapiga, ukimhimiza: sema, sema.

Mratibu alipanda jukwaani.

"Undugu nilioutangaza hapa nimeuvunja," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini meli nzima ilitetemeka. "Sina ndugu katika meli hii. Sina kaka, sina shangazi, sina mama wala mtoto…"

Kile kilichokuwa ndani ya dada kilipiga mayowe, kikaanguka magoti. Ngozi ya shingo yake ilipasuka, na kutoka mpasukoni ulimwagika udongo, mweusi, mbichi, ukitapakaa hadi chini ya jukwaa. Vioo vilivunjika, vipande vikamiminika juu ya wazee kama mvua. Kilikuwa kinatoka. Kila mtu aliona kinatoka.

Na hapo uso wa dada ukarudi. Ulirudi wote, na uchovu wake, na kovu la sindano chini ya kidevu, na macho yale yaliyomlea mratibu mama yao alipokufa.

"Mdogo wangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe. "Hata mimi? Si wewe uliyenitoa nyumbani?"

Mkono wa Nyota ulipiga sakafu.

Mratibu alifahamu. Hakuna baadaye atakayeweza kumwambia kwamba hakufahamu. Alimwona mzee, alimwona Randa ukutani, aliuona udongo ukimtoka dada pamoja na damu, wala hakujua kama mwisho wa udongo ule ni uzima au ni ganda tupu. Ulimi ukapata uzito wa nanga.

"Sina ndugu katika meli hii," alisema, "isipokuwa dada yangu."

Vitu vyote vikatua. Harufu ikaondoka kama iliyofyonzwa kwa pumzi moja, na mpasuko wa shingo ukafunga midomo yake. Watu walianza kuinuka, wakajipapasa, wakakumbatiana juu ya vioo, wengine wakiimba. Dada alisimama, akajikung'uta gauni. Nyota peke yake hakufurahi. Alimtazama mratibu akatikisa kichwa, kulia, kushoto, kulia, hadi kikachoka kutikisika. Alikufa kabla ya machweo, bila kupata koo la kusemea.

Meli ilitia nanga. Wakuu walikuja na machela na maswali, kisha wanafunzi wakaanza kushuka ngazi, wakimbariki mratibu kila alipogusana nao, maana waliamini amewaokoa. Alishuka wa mwisho pamoja na dada yake. Dada alikuwa amemshika mkono, kwa mapenzi, mbele ya watu; na kadiri walivyoshuka alizidi kuukaza, hadi kifupa cha kidole kidogo kikalia ndani ya nyama, kisha kilichofuata. Mratibu hakupiga kelele.

Ng'ambo ya uzio alisimama mume wa mratibu na watoto wao wawili, ambao dada huyohuyo aliwapokea siku walipozaliwa, akawaosha, akawapa majina yao ya utotoni.

"Wale ni wanao?" aliuliza dada, akiwatazama kwa makini kama mgeni. "Wazuri. Wataniita nani?"

Watu walikuwa mbele na watu walikuwa nyuma. Kidole cha tatu kilivunjika.

"Mama mkubwa," alijibu mratibu.

Uzio ukafunguliwa. Watoto wakaja mbio wakimwita kwa jina hilo, wakampita mama yao, wakajitupa katika mikono iliyokwisha kufunguka.