Poda ya Kinyozi na Pikipiki Mbili

Kila asubuhi kinyozi alifagia mara mbili. Kwanza alifagia kibanda chake cha kunyolea, kilichoshikana na nyumba yake. Kisha alifagia mbele ya mlango, hata kama hapakuwa na cha kufagia. Vioo vyake viling'aa. Mashine zake za kunyolea alizilaza juu ya taulo jeupe, moja baada ya nyingine, kama watoto waliolala. Wateja walimtania kwamba hata akilazwa hospitali atawakunjia wauguzi mashuka. Yeye alicheka tu. Akimaliza kunyoa, alimpiga mteja poda shingoni kwa brashi laini, akapangusa nywele na kusema, "Haya, nenda sasa ukaposwe wewe."

Mke wake alikuwa muuguzi katika zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kilima. Alitoka nyumbani kabla jua halijachomoza, akapanda kilima kwa miguu, akateremka upande wa pili. Jioni alirudi njia ileile. Mwaka huo goti lake la kulia lilianza kuvimba. Alikaa kwenye kigoda, akalikanda kwa maji ya moto. Hakulalamika. Kinyozi alijifanya anatazama pengine.

Walikuwa wameweka akiba muda mrefu ili mama huyo apate pikipiki. Akiba ikatosha pikipiki moja tu, tena iliyotumika. Wakikosea kuchagua, hakuna ya pili. Mama atarudi kwenye miguu yake, na goti lile halikuwa na hali ya kungoja.

Kinyozi alikwenda kwa dalali wa pikipiki akarudi ameshachagua. Alisema ni nyekundu, na injini yake imeoshwa hadi unaweza kujitazama ndevu. Karibu nayo ilisimama nyingine, ya muuza maziwa aliyehama. Hiyo ilijaa vumbi, na juu ya injini ilikuwa na doa jeusi la oili. Hakuitazama mara mbili. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi: anayeosha injini ndiye anayeitunza.

Mke wake alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia kwamba kabla hajatoa hata senti, waende na Shangazi.

Shangazi wa mke wake alikuwa fundi pikipiki. Alikuwa mfupi, mikono yake migumu kama spana alizozishika, na ulimi wake haukuwa na breki. Kesho yake, siku ya mapumziko ya mama, wakafuatana wote watatu. Kinyozi alibeba mkoba wake wa kazi, kwa sababu baadaye angepitia kumnyoa mgonjwa nyumbani kwake.

Dalali alitaka kuwasha ile nyekundu waisikie inavyonguruma. Shangazi akamzuia. Alitaka kwanza kuiona injini ikiwa baridi. Akainama, akatazama ardhi chini yake. Mchanga mpya ulikuwa umemwagwa hapo. Akauliza nani ameiosha injini. Dalali akajibu kwa fahari kwamba huiosha yeye mwenyewe, na asubuhi hiyo ameiosha tena.

"Umeona, Shangazi?" kinyozi akasema. "Safi kama sahani."

"Mkwe wangu," Shangazi akasema, "injini iliyooshwa leo ni kama mtoto aliyenawishwa uso baada ya kulia. Utajuaje alikuwa analilia nini?"

"Kwa hiyo usafi umekuwa kosa?"

"Si kosa. Lakini nikiuliza swali, usafi haunijibu. Lile vumbi pale linajibu." Akageuka kuutazama mkoba. "Humo ndani una poda?"

Kinyozi akasema anayo.

"Nipe. Na brashi."

"Brashi ya kunyolea?"

"Una ya kupaka rangi nyumba?"

Kinyozi aliitoa brashi polepole, kama mtu anayemkabidhi mtoto kwa mgeni. Shangazi akaikataa. Akamwambia apake mwenyewe, kwa kuwa mkono wake ni mwepesi. Kwanza wakafuta injini zote mbili kwa kitambaa chenye petroli kidogo, hata lile doa jeusi la pikipiki ya maziwa. Wakasubiri zikauke kabisa. Ndipo kinyozi akapaka poda kila pembe, juu, ubavuni na tumboni, hadi injini zote mbili zikawa nyeupe.

Dalali akauliza kama pikipiki zake zinaolewa leo. Shangazi akamwambia apande nyekundu aache maneno. Yeye akapanda ile ya maziwa. Wakazunguka mitaa hadi injini zikapata moto sawasawa, wakarudi, wakazima. Shangazi akawaonya wasiguse chuma, maana ekzosi, lile bomba la moshi, hubabua ngozi papo hapo.

Kinyozi akachuchumaa mbele ya nyekundu. Mwanzoni aliona weupe mtupu, na moyo wake ukafurahi. Kisha, chini ya tumbo la injini, ukatokea mstari mwembamba kama unywele. Ukawa mweusi. Ukanenepa huku anautazama. Poda ikalowa, ikashuka, na mwisho wa mstari likaning'inia tone. Likadondoka mchangani bila sauti.

Miaka yote hiyo ameishika poda ile. Amewapaka watu wazima na watoto, na hakuna siku iliyomwambia neno. Leo chuma kilikuwa kinatoa siri yake mbele ya macho yake, na poda ndiyo iliyoinasa.

"Usitazame linapodondoka," Shangazi akasema kwa sauti ya chini, kana kwamba hataki kulishtua lile tone. "Oili hushuka, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Ifuate kinyume. Panda nayo juu, nenda nayo mbele, hadi pale poda inapoanza kulowa. Hapo ndipo inapotokea."

Kinyozi aliufuata mstari kwa kidole bila kugusa. Ulianzia mahali ambapo rangi ya chuma ilififia kidogo. Shangazi akamulika tochi. Palikuwa na ufa, umezibwa kwa gundi na kupakwa rangi juu yake.

"Kasha la injini limepasuka," akasema. "Injini ikichemka, gundi inalegea. Hii mtu haibembelezi, anaiacha. Oili ikiisha, injini itakufa. Na ikirukia tairi la nyuma, pale kwenye kona ya kilima..."

Kinyozi alimtazama mkewe, kisha akatazama tairi. Dalali naye alichuchumaa, akavua kofia. Alisema kwamba aliipokea hivyo, hakujua kuna ufa; matone aliyafunika tu kwa mchanga. Sauti yake haikuwa ya kibiashara tena.

Wakahamia kwa pikipiki ya maziwa. Poda ilikuwa nyeupe kila mahali, isipokuwa kwenye ukingo wa kifuniko cha juu. Pale palikuwa na unyevu mwembamba, usiofika kuwa tone.

"Hili ni jasho," mama akasema. "Kidonda kinachotoa maji kidogo. Ile nyingine ni mfupa uliovunjika."

"Mwanangu, ungekuwa fundi," Shangazi akasema. Akaeleza kwamba gasketi, ile karatasi ngumu chini ya kifuniko, imechoka. Hubadilishwa kwa bei ndogo. Akapangusa mabomba ya shokapu za mbele kwa kitambaa, yalikuwa makavu. Akachomoa kijiti cha kupimia, oili ilifika kwenye alama. Utelezi mweusi karibu na mnyororo haukumtia wasiwasi, kwani ni grisi tu iliyoruka. Mwisho akaiwasha, akavuta mafuta, wote wakatazama nyuma. Moshi wa bluu ungekuwa dalili ya oili inayoungua ndani, na hiyo poda haiwezi kuionyesha. Haukutoka.

Dalali akapunguza bei ya pikipiki kwa kiasi cha gasketi bila kubishana. Shangazi akatoa gasketi mpya mfukoni mwake, akaibadilisha palepale. Kinyozi akapaka poda tena, wakazunguka tena, na kifuniko kikabaki cheupe. Hapo ndipo walipolipa.

Nyumbani, mama aliiegesha pikipiki juu ya kipande cha boksi. Asubuhi kinyozi akakivuta, akakigeuza huku na huku. Hapakuwa na doa. Vumbi la muuza maziwa bado lilikuwa kwenye magurudumu, naye hakuliosha.

Mama akavaa kofia ngumu, akapanda. Goti lake lilipumzika kando ya tangi. Kinyozi akasimama mlangoni na ufagio mkononi, akasikiliza. Sauti ilipita mtaani, ikafika chini ya kilima, ikaanza kupanda. Haikukohoa wala kukatika. Ikapanda hadi juu kabisa, ikavuka, ikawa ndogo kama nyuki, ikapotelea upande wa pili.

Mteja wa kwanza alipofika, alimkuta bado amesimama, anatazama kilima. Siku hiyo mbele ya mlango wa kinyozi hapakufagiwa.