Uzi kwenye Mlango wa Jiwe

Nani aliyeitika jioni ile, Chanthou hajapata kujua mpaka leo.

Binti yake, Nimol, alikuwa na homa tangu alipoanguka katika hekalu la kale juu ya kilima. Mganga alisema mtu ana roho kumi na tisa, na moja ya mtoto imebaki palepale alipoangukia. Isiporudi kabla ya kucha, zilizobaki zitaifuata. Basi Chanthou akapanda kilima na mama mkwe wake, Roeun, wamebeba tenga la kuvulia samaki, la kuichotea roho, wali, na uzi mweupe wa kuifungia roho kwenye kifundo cha mkono.

Njiani Roeun alimtania kwamba anatembea kama bata aliyeshiba.

Jua lilikuwa linazama. Roeun alikaa kwenye ngazi kupumua. Upepo ulikuwa mkali, na Chanthou, asije akaupoteza uzi, akaufunga kwenye nguzo ya jiwe ya mlango, ncha nyingine akaifunga mkononi mwake. Hakuwaza. Akaingia, akachota hewa kwa tenga.

"Nimol, njoo nyumbani. Wali umeiva."

"Naja, mama..."

Sauti ilitoka ukutani.

Haikuwa ya mtoto.

Harufu ya popo iliyojaa humo ikakatika ghafla. Tenga likawa zito. Chanthou akatoka mlangoni... akajikuta ndani. Akatoka tena.

Ndani.

Kuta zilezile. Uzi ukazidi kumbana mkono.

"Uzi uko wapi?" Roeun alinong'ona kutoka nje.

"Nimeufunga mlangoni, mama. Na mkononi."

Roeun akaugusa uzi nguzoni.

"Umejifunga na jiwe, mwanangu."

Chanthou akamsihi aukate. Roeun akasema ukikatwa, aliye ndani anabaki ndani. Fundo la roho huhamishwa tu, kutoka mkono hadi mkono. Chanthou akataka basi wamngoje mganga mpaka asubuhi. Roeun akauliza asubuhi hiyo Nimol ataipata wapi.

Mkono wenye makunyanzi ukapenya mlangoni, ukapapasa, ukafungua fundo, ukauvuta uzi kwake.

"Nenda. Usimwage mtoto."

Chanthou alishuka akilia, tenga kifuani. Kabla ya alfajiri Nimol alifumbua macho, akaomba wali.

Kulipokucha wanakijiji walilikuta hekalu tupu. Uzi ulikuwa umenyooka kutoka nguzoni mpaka gizani, ukitetemeka kidogo... Hakuna aliyethubutu kuugusa.

Wengine humlaumu Chanthou kwa kumwacha mama mkwe wake. Lakini shauri lilikuwa la Roeun, na fundo la mkononi mwake alilikaza Roeun mwenyewe, kwa meno.