Kiti Alichokichukua Donato

Kaka yangu Donato alifika nyumbani siku ya Watakatifu Wote, mchana, na kigari cheupe cha kukodi kilichojaa kamera. Jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa nimekaanga mayai na pilipili hoho kavu, na mkate wa jana nikaupasha kwenye jiko la kuni kwa sababu ndivyo anavyoupenda. Siku ya kawaida kabisa. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akaniambia palikuwa na ukungu, au mbwa walibweka, au sijui bundi alilia. Hakuna kilicholia.

Donato anaishi Bologna. Alikihama kijiji chetu, huku juu kwenye milima ya Basilicata, akiwa bado hajaota ndevu vizuri, na tangu hapo anarudi kama mgeni: anabusu, anakula, anasifu hewa, anaondoka. Safari hii alikuwa anazunguka peke yake na gari, akipiga picha vijiji vilivyobaki na watu wachache. Alikuwa anaandaa maonyesho. Jina la maonyesho aliniambia mdomo ukiwa umejaa mayai.

"Italia Iliyosahauliwa."

"Imesahauliwa na nani?"

"Nunzià, usianze."

"Nauliza tu. Mimi nipo. Shangazi Vituccia yupo hapo chini. Muuza mkate yupo. Nani ametusahau kama si wewe?"

Akacheka. Donato anajua kucheka. Ana meno ya baba, na kicheko hicho ndicho kilichomfanya mama amsamehe kila kitu.

Ngoja niseme habari za mama, maana bila yeye hamtaielewa hasira yangu. Mama Gerarda aliugua muda mrefu, na aliyemuuguza ni mimi. Nilimwogesha, nilimgeuza, nilimlisha kwa kijiko. Mchana kutwa alikaa jikoni kwenye kiti cha nyasi ambacho baba alimtengenezea, ameegemea upande wa kushoto kwa sababu ya nyonga, paji la uso kalibandika kwenye kioo cha dirisha. Dirisha lile liko juu ya genge. Chini yake hakuna ua wala njia, ni hewa tupu mpaka kwenye mawe ya mtoni, na ng'ambo unaiona barabara inayopanda kutoka bondeni. Alikuwa anamsubiri Donato. Nywele zake alizipaka mafuta ya zeituni, kwa hiyo kila jioni kioo kilikuwa na doa la mviringo, na kila jioni nililifuta. Siku aliyokufa alinishika mkono akaniita Donato.

Kwetu wafu wanarudi mara moja kwa mwaka. Wanaingia kengele ya sala ya jioni ya Watakatifu Wote inapolia, wanaondoka kesho yake kengele ya saa sita mchana inapolia. Unawaandalia mkate, maji, divai kidogo na taa. Kiti cha marehemu unakisogeza nyuma kidogo ili asipate tabu kukaa. Mlango hufungi kwa ufunguo. Halafu unakwenda kulala, na jikoni huingii mpaka asubuhi. Kila mwaka tangu mama afe nilikuta mkate umemegwa pembeni, na kwenye kioo kuna doa la mafuta. Ndiyo siku pekee niliyokuwa na mama. Hata kama alikuja kutazama barabara, nyumba aliyoingia ni hii ninayoishi mimi.

Basi siku ile, baada ya kula, nikaandaa meza. Nikakivuta kiti. Nikachukua maua ya kupeleka makaburini.

"Donà, nakwenda kwa mama na baba. Hiyo meza usiiguse."

"Niiguse ya nini? Mimi mtoto?"

Niliporudi, gari halikuwepo. Meza ilikuwa kama nilivyoiacha, mkate umefunikwa na kitambaa, maji kwenye glasi. Kiti hakikuwepo. Simu ikalia mfukoni. Ilikuwa picha. Kiti cha mama kimesimama peke yake katikati ya shamba la mabua ya ngano, jua linazama nyuma yake. Chini Donato ameandika: Nimekiazima, dada. Kwenye picha kinapendeza ajabu! Nitakirudisha Jumapili.

Nilimpigia mpaka kidole kikauma. Hapatikani. Wakati bado napiga, kengele ya jioni ikalia. Nilisimama jikoni kwangu kama mjinga, nikaenda uani, nikaleta kiti cha plastiki. Kile cha kijani tunachokalia kumenya nyanya. Nilimwekea mama yangu kiti cha plastiki, na aibu niliyoisikia sitaisahau.

Asubuhi mkate ulikuwa mzima. Kioo kilikuwa safi.

Shangazi Vituccia alipita kwenda misa, shali kichwani, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Amekuja?" akanong'ona.

"Hajaja."

"Mkate ulisahau?"

"Donato amechukua kiti."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Akatazama kile cha plastiki, kisha akanitazama mimi.

"Basi mwanangu, amekwenda kiliko kiti."

Nikamwambia aache ujinga. Nilisema kwa ukali, mzee wa watu, akaenda zake. Lakini nilikuwa nimeshakaa karibu na simu.

Picha ya pili iliingia jua likiwa limeshapanda. Kiti kiko kwenye njia pana ya zamani ya kondoo, umande umeng'aa kwenye majani. Picha nzuri, siwezi kusema uongo. Nikaikuza kwa vidole viwili. Kwenye picha ya jana nyasi za kikalio zilikuwa zimelala bapa. Kwenye hii zilikuwa zimebonyea. Upande wa kushoto zimebonyea zaidi.

Picha ya tatu ilikuwa kwenye kituo cha treni kilichofungwa. Donato ameandika: Nilikielekeza kwenye reli, upepo ukakigeuza nikiwa nafunga lenzi. Bahati hiyo! Kiti kilikuwa kinamtazama yeye. Nyuma ya kituo palikuwa na nyumba, na moshi wa dohani yake ulikuwa umenyooka juu moja kwa moja. Hapakuwa na upepo wowote.

Nikapiga. Safari hii akapokea. Alikuwa anaendesha, na nyuma ya sauti yake nikasikia mlio. Ti, ti, ti.

"Nunzià, kama ni kiti, nimesema Jumapili."

"Huo mlio ni wa nini?"

"Gari la kukodi, takataka tu. Tangu asubuhi linadai mkanda wa abiria."

"Umeweka nini hapo pembeni?"

"Sijaweka kitu. Begi nimelirusha nyuma. Kiti chako nacho kiko nyuma. Hapa ni patupu, nakwambia."

Ti, ti, ti.

Sijui niseme nilijisikiaje. Si woga uliotangulia. Ilikuwa hasira, imenipanda kutoka miguuni. Kumbe mama amepata alichokuwa anakitaka.

"Donà," nikasema. "Mfunge mkanda."

"Nimfunge nani?"

"Mfunge mkanda, nimekwambia!"

Nikasikia gari linapunguza mwendo. Linasimama. Mkanda ukavutwa. Kitu kikafunga, tak.

Mlio ukakoma.

Nilimsikia Donato anavyopumua. Alipozungumza, alinong'ona, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Nunzià. Mkanda haujalala kwenye siti."

"Rudi."

"Umekaa mbele. Umepita juu ya... Unapanda na kushuka, Nunzià."

"Rudi nyumbani sasa hivi. Kabla ya kengele ya saa sita. Akipitwa na kengele hajaingia humu, mwaka huu nimemkosa. Umenisikia? Mimi ndiye nimemkosa, siyo wewe!"

Nikakata. Nikabadilisha mkate. Nikamwaga maji ya jana nikaweka mapya. Halafu nikasimama barabarani mbele ya nyumba na aproni yangu, nikasubiri, mimi ambaye sijawahi kumsubiri Donato hata siku moja.

Alifika kwa kasi, uso wake mweupe kama unga. Nikafungua mlango wa nyuma, nikatoa kiti, nikakikimbiza mezani. Nikarudi, nikafungua mlango wa abiria. Harufu ya mafuta ya zeituni ikanijia usoni. Siti ilikuwa tupu. Mkanda ulikuwa umekaza, umevimba mbele kama umezunguka kifua cha mtu, na kati ya mkanda na siti palikuwa na hewa tu.

"Mama," nikasema. "Umefika. Shuka, meza iko tayari."

Nikabonyeza kitufe. Hakikuachia. Nikabonyeza kwa vidole vyote. Nikauvuta mkanda, na mkanda ulikuwa wa moto.

"Jaribu wewe," nikamwambia Donato.

Akajaribu. "Mama, shuka basi," akasema. "Nunziata amekuandalia."

Wapi. Akaacha, akaweka mkono wake kwenye gia apumzike. Nikauona mgongo wa ule mkono unabadilika rangi. Mistari minne myeupe ikajitokeza juu ya ngozi, mmoja mmoja, na ngozi ikabonyea.

"Amenishika," akanong'ona.

Hapo nikalipuka. Wachungulie majirani wakitaka, wafe wakitaka. "Mimi ndiye niliyekuosha!" nikapiga kelele ndani ya gari tupu. "Mimi! Yeye alikuwa wapi? Alikuletea nini, kadi ya Krismasi? Mara moja kwa mwaka nakuomba ukae kwenye meza yangu, mara moja, na hata hiyo unapanda gari la huyu! Nitazame! Mama, nitazame mimi!"

Kengele ya saa sita ikaanza kulia.

Mistari ikafutika mkononi mwa Donato. Mkanda ukajifungua wenyewe na kurudi pembeni mwa gari kwa kishindo.

Donato alilia pale pale, kichwa juu ya usukani. Mimi sikulia. Nilimwambia aondoke, akaondoka. Maonyesho yake aliyafanya baadaye kule Bologna, na nasikia watu walisimama muda mrefu mbele ya zile picha tatu, wakasema zina huzuni tamu. Huzuni tamu! Laiti wangekuja kuniuliza mimi.

Mwaka uliofuata sikuandaa kitu. Kiti nilikishusha kwenye pishi la divai, nikakipindua miguu juu. Meza niliiacha wazi, bila mkate hata kipande. Kengele ya jioni ilipolia, nilizungusha ufunguo wa mlango, nikazungusha tena, nikasema kwa sauti ili anayesikia asikie, "Nenda Bologna."

Nikalala fofofo.

Asubuhi jikoni palikuwa kama nilivyopaacha. Nikachemsha kahawa. Nikaenda dirishani kutazama hali ya hewa, na kwenye kioo nikaliona doa, la mviringo, kwenye usawa ule ule wa paji la uso la mtu aliyeketi.

Mkono una mazoea yake. Ulichukua kitambaa kabla sijafikiri. Nikafuta. Nikafuta tena kwa nguvu, nikalipulizia pumzi, nikalisugua kwa siki. Halikutoka.

Lilikuwa upande wa nje.

Nilifungua dirisha nikachungulia chini. Genge, hewa, mawe ya mtoni. Nikafunga. Miaka yote ile mama alikaa humu ndani akitazama nje. Usiku ule alikuwa nje, akitazama ndani, na humu ndani hapakuwa na Donato. Nilikuwemo mimi peke yangu.

"Sasa?" nikakiambia kioo, na nilikuwa natetemeka kwa hasira, naapa ni hasira. "Sasa ndiyo unanitazama? Wakati mlango nimeshaufunga?"

Mvua zimepiga kioo kile tangu siku hiyo, na theluji imekipiga. Doa lipo. Jua la asubuhi likiingia, kivuli chake kinaanguka juu ya meza, pale ninapoweka sahani yangu.